Natotela ya Saa Nane

Mlioniacha wiki iliyopita mbele ya kioo nikihangaika na tai, sogeeni tuendelee. Tai ilikubali mara ya saba.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Ombeni, mzaliwa wa Ihanda, nimehamia Tunduma kujaza makaratasi ya malori kwa wakala wa forodha. Nina chumba kimoja, koti moja la bluu na mchumba mmoja, Imelda. Ukinitazama mtandaoni utadhani nina zaidi.

Mmeshasoma nilivyofukuzwa nyumba ya kwanza. Mmesoma pia nilivyopiga picha na lori la watu nikaandika "kazi na dua," mpaka mwenye lori akaja ofisini kuniulizia. Yale yalikuwa mvua za rasharasha. Leo nakiri la baba mkwe.

Baba yake Imelda, Mzee Danieli, ni mkulima wa kahawa kule Itaka na ni mzee wa kanisa. Alisema atashuka Tunduma mara moja tu, anitazame kwa macho yake. Akiridhika, nitume mshenga. Asiporidhika, nisikanyage uwanja wake, na jina langu lisitajwe tena pale nyumbani.

Siku ikaangukia Jumamosi, na Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Imelda. Mzee angekula nasi mchana, kisha saa kumi angeingia kwenye kikao cha wazee wa kanisa hapa hapa mjini.

"Mpikie nyumbani," Imelda aliniambia. "Baba ukimpa ugali na maharage amefurahi."

"Ugali atakula Itaka. Hapa ni mjini."

"Ombeni, nakujua."

"Unanijua nini?"

"Nakujua tu."

Angenishika shati siku ile akanizuia, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Kuna mgahawa unaitwa Upepo Garden, jirani na barabara ya mpakani. Nimeupiga picha mara nyingi sana. Nasimama pale getini kwenye maua, natabasamu, halafu nazunguka nyuma ya stendi kula kwa Mama Enesi, ambaye mchana anauza wali na jioni anauza komoni, pombe yetu ya mahindi na ulezi. Nyie mlioniandikia "hongera kaka, maisha ndiyo haya," jueni mlikuwa mnapongeza maharage ya Mama Enesi.

Kula ndani ya Upepo Garden nilikuwa sijawahi. Nikaona hiyo ndiyo siku.

Sasa sherehe ya mjini bila kumwaga maji si sherehe. Mji wetu maji yanatoka kwa zamu, watu wanapanga ndoo foleni tangu alfajiri, lakini akifikisha miaka mtu, ndoo nzima inapatikana ya kumwagiwa kichwani. Asiyelowa anajiona hapendwi. Nikamtafuta rafiki yangu Clement, anayeuza redio na taa za sola kwa Wazambia. Asubuhi yuko Nakonde, upande wa Zambia, jioni yuko Tunduma, na simu yake ina laini za nchi zote mbili.

"Saa nane kamili," nikamwambia. "Pale juu ya mlango wa mgahawa kuna ghorofa halijaisha. Kaa nyuma ya kiukuta na ndoo yako. Usichungulie, Imelda atakuona."

"Nisipochungulia nitajuaje ametoka?"

"Nitasema neno."

"Neno gani? Ukisema karibu, kila mtu pale anasema karibu. Nitamwagia mji mzima."

Tukakuna vichwa. Clement ndiye aliyelipata.

"Natotela."

Ni Kibemba, maana yake ahsante. Wazambia wakija kununua redio ndivyo wanavyoshukuru.

"Hapo umemaliza," nikasema. "Mtu wa Itaka hawezi kulitamka hilo kwa bahati mbaya."

Tukapeana mikono kama mabalozi.

Jambo la mwisho kabla sijatoka chumbani siku hiyo. Kwenye mfuko wa ndani wa koti nilitia barua ya posa. Wasomaji wa zamani mnaijua. Ni ile aliyoniandikia mwalimu Osea mwaka jana, kwa mwandiko wake wa kulala, nilipokuwa nampenda Atupele wa Itumba. Kwao Atupele waliirudisha siku hiyo hiyo, mshenga akiwa bado hajanywa chai. Lakini barua tamu namna ile unaitupaje? Nilikusudia jioni Clement anisaidie kuinakili upya, tubadilishe majina tu.

Nikaitia mfukoni, nikaisahau.

Mzee Danieli alifika na suti ya kahawia na kofia yake. Mrefu, mkimya, mkono mgumu. Nikamwamkia mpaka magoti yakataka kugusa sakafu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye Ombeni?"

"Ndiye mimi, baba."

"Kwenye picha ulikuwa mnene."

Imelda akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanacheka.

Tukakaa. Mhudumu, dada mmoja wa Nakonde mwenye adabu zake, akatuletea vitabu vya vyakula. Vilikuwa vizito kama vya nyimbo za kanisani na vimeandikwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Nikafungua changu, nikatingisha kichwa polepole kama mtu aliyekutana na marafiki.

Mzee akafungua chake, akanisogezea. "Hebu nisaidie, kijana. Hiki hapa, 'grili chikeni,' ndiyo kitu gani?"

"Ah, hiyo, baba, ni aina ya kuku. Wanafugwa huko kwa Wazungu. Hawana manyoya mengi."

"Kumbe."

"Ndiyo, baba."

"Basi mimi nipe hii steki ya ng'ombe. Ng'ombe namjua."

"Na mimi steki," nikasema haraka, nisionekane mshamba. Imelda akaagiza wali na samaki.

Mhudumu akanigeukia mimi kwanza. "Steki yako mediamu au weldani?"

Nikadhani anauliza saizi. Fulana zangu zote ni mediamu, sijawahi kupata shida. Nikajiegemeza kwenye kiti.

"Mediamu inanitosha, dada. Asubuhi nilikula."

Mhudumu akamtazama mzee. Mzee akamwambia kwa upole, "Yangu iive sawasawa, mama."

Chakula kikaja. Nilipoitia kisu ile nyama, ikatoa damu. Damu yenyewe ikatambaa taratibu mpaka kwenye viazi. Nikatazama sahani ya mzee, yake imeiva vizuri, inanukia.

"Vipi, kijana? Si ndiyo uliyoizoea?"

"Ndiyo hii hii, baba. Ndivyo tunavyoila huku."

"Basi tuombe."

Mzee Danieli akainamisha kichwa akaanza kuombea chakula. Aliombea wapishi, akaombea kahawa iliyo shambani, akaombea madereva wa malori wanaosubiri mpakani. Nami mkono ukaniwasha. Nikatoa simu polepole, nikaishika juu ya sahani zote tatu, nikapiga picha. Nilisahau kuzima mlio. Ukalia kwa mlio wa kamera, mkavu, katikati ya madereva wa malori.

"Amina," akasema mzee kabla ya wakati wake.

Imelda akanikanyaga chini ya meza. Kisigino chake kilikuwa kipya.

Nikaila ile nyama. Niliitafuna kwa upande mmoja, kisha kwa upande mwingine, nikajikaza kisabuni huku natabasamu. Ikifika kooni inarudi kuniangalia. Mzee alikuwa ananitazama, na kila nikimeza ananiongezea maji kwenye glasi.

Saa nane ikafika. Nikaruka kwenye kiti.

"Imelda, twende nje mara moja tupige picha getini."

"Baba tunamwacha peke yake?"

"Dakika moja."

Nikamtoa mpaka mlangoni, nikamsimamisha pale pale penye ndoo, nikarudi hatua tatu nyuma nisilowe.

"Natotela!" nikasema.

Kimya.

"Na-to-te-la!"

Dereva mmoja wa lori wa Kizambia aliyekuwa anapita akainua kofia yake akanijibu kwa neno la heshima la Kibemba, "Mukwai!" Basi. Juu hakuna hata tone.

"Unaongea na nani?" akauliza Imelda.

"Najifunza lugha. Kwa ajili ya kazi."

Nikampigia Clement simu, haipatikani. Nikajua ameingia mitini. Rafiki wa miaka minne ameshindwa kubeba ndoo moja ya maji! Nikarudi mezani nimefura, nikamalizia ile damu kwa hasira.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuninyookea, na hapo ndipo nilipopaswa kustuka. Keki ikaletwa, Imelda akamlisha baba yake, baba akamlisha Imelda, nami nikalishwa na wote wawili. Mzee akacheka kidogo. Akaniuliza habari za baba yangu Ihanda na habari za kahawa yetu, nikajibu bila kusema uongo hata mmoja, kwa sababu kahawa ndiyo kitu pekee ninachokijua kweli. Alinisikiliza. Moyo wangu ukatua.

Saa tisa kasoro kidogo mzee akatazama saa yake ya mkononi. "Nitangulie kikaoni. Kukimbia na kuchelewa vyote vinaudhi."

Tukainuka. Tulipofika mlangoni nikasimama pembeni, nikainama, mkono kifuani.

"Tangulia wewe, baba."

Heshima gani hiyo! Mama yangu angeniona angelia.

Mzee akatoka. Yule dada wa Nakonde akamshikilia mlango akasema, "Karibuni tena, mukwai."

Mzee Danieli akasimama. Akageuka. Uso wote ukamkunjuka, ukawa uso wa kijana. Akaivua kofia yake.

"Natotela, mukwai," akasema. "Natotela sana."

Nikanyoosha mkono kumvuta arudi ndani.

Juu mtu akapiga kelele ya furaha, "Hepi besdei, Ime!" Ndoo nzima ikamshukia mzee wa kanisa kwenye kichwa kilicho wazi.

Wala hayakuwa maji. Yalikuwa mazito, ya kijivu, yana makapi. Yakamtiririka masikioni, yakaingia kwenye kola, yakalishukia koti la kahawia. Harufu ikaja nyuma yake, ikajaza mlango mzima. Komoni.

Clement akachungulia. Kichwa chake kikarudi ndani haraka sana.

"Baba!" Imelda akalia.

Nikapiga magoti pale pale kwenye komoni. "Nisamehe baba. Ilikuwa ya Imelda. Yalikuwa maji. Ilikuwa saa nane."

Mzee alikuwa amesimama wima, macho amefumba. Tone moja lilimshuka puani likafika kwenye mdomo wa juu. Ulimi wake, wenyewe, bila kutumwa na mtu, ukatoka ukalifuata.

Akaonja. Akafikiri.

"Ulezi umezidi," akasema taratibu. "Na hii ni ya juzi."

Mzee akafumbua macho, akagundua amesema nini, na mbele ya nani. Imelda na yule mhudumu walikuwa wamekimbilia ndani kutafuta kitambaa. Hawakusikia. Niliyesikia ni mimi.

Akaniinamia. "Kijana. Hilo la ulezi umelisikia?"

"Mimi sijasikia kitu, baba."

"Hata kidogo?"

"Masikio yangu yana tatizo tangu utotoni."

Akaniangalia, komoni ikimdondoka kidevuni. Kisha akaninyanyua kwa mkono mmoja.

"Siwezi kuingia kikaoni nanuka kilabu. Nipe koti lako na shati."

Tukaingia chooni kubadilishana. Suruali yake ilikuwa imerukiwa kidogo tu, tukaifuta. Nikampa shati langu jeupe na koti la bluu, nami nikavaa vyake vilivyolowa. Koti lilimbana mabegani lakini lilimpendeza kuliko mimi, lazima niseme. Nilichukua simu yangu na funguo. Nikajiona nina akili.

"Baba, Kibemba umekijulia wapi?" nikauliza.

"Kitwe, huko Zambia. Nilikaa miaka sita kabla sijaoa. Nilikuwa mpishi wa kantini ya mgodi."

Nikatazama chini.

"Mpishi?"

"Wa steki. Mediamu si saizi, mwanangu. Ni nyama isiyoiva vizuri. Na grili ni kuchoma, kuku ni hawa hawa wetu."

Ardhi ya Tunduma ni ngumu, ingekuwa laini ningezama.

"Nilikuwa nakungoja useme huijui," akaendelea, anafunga vifungo. "Hukusema. Uliila yote. Nilipoona umefika kwenye mafuta nikakuhurumia." Akacheka, safari hii mpaka akashika ukuta. "Wewe ni mwongo, Ombeni. Lakini unavumilia, na unajua kutunza siri. Nyumbani kwangu nina watu wakweli ambao hawajui kutunza siri, wananichosha. Lete mshenga."

"Baba?"

"Lete mshenga. Kabla ya mavuno ya kahawa."

Nikataka kumkumbatia, nikakumbuka ninavyonuka. Nililia kidogo. Sioni haya kuandika hivyo.

Akapanda bodaboda na koti langu la bluu, akaondoka akitupungia kofia. Imelda, nilipomwambia, aliruka akanishika shingo na komoni yangu yote, na gauni lake la sherehe likaharibika bila yeye kujali. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani Songwe, kuanzia hapo mpakani mpaka Itaka.

Clement akashuka akinyata, ndoo mkononi.

"Kaka, maji yamekatika tangu Jumanne. Nikaona nichukue mabaki kwa Mama Enesi. Inanuka lakini inalowesha."

"Saa nane ulikuwa wapi?"

"Si ndiyo saa nane hii!"

Akanionyesha simu yake. Nane na dakika ishirini. Alishinda Nakonde toka asubuhi, simu ikashika mtandao wa Zambia, nayo Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu wa mpakani anapouliza saa ngapi, huwa tunamuuliza ya wapi. Mimi nilisahau kuuliza.

"Umefanya vizuri," nikamwambia, nikamshika bega. "Ungewahi ungeniharibia. Jioni njoo chumbani, kuna barua nataka tui..."

Nikajipapasa kifuani. Mkono ukakuta kahawia iliyolowa.

"Barua gani?" akauliza Clement.

Jasho lembamba likanitoka chini ya komoni. Nikatazama barabarani, bodaboda ilishapotea siku nyingi. Nikaanza kujipa moyo: koti lina mifuko minne, mzee si mpekuzi, na kikao kina mambo mengi ya Mungu ya kuzungumza. Tulikaa pale kwenye maua, Imelda anaongea juu ya mshenga, mimi naitikia "ee, ee" bila kusikia. Hata saa kumi ilipopita, nikaanza kupumua.

Simu ikaita saa kumi na dakika tano.

"Ombeni."

"Naam, baba."

"Nilikuwa natafuta kitambaa nifute miwani, nikakuta barua. Kumbe ulikuja umejiandaa! Hilo nimelipenda."

"Baba, hiyo barua..."

"Mwandiko mzuri sana. Maneno ya heshima. Nimewasomea wenzangu aya ya kwanza kabla hatujafungua kikao, wamefurahi."

"Umewasomea, baba?"

"Nimewasomea. Sasa aya ya pili imetutatiza kidogo. Mimi nina mabinti watatu. Imelda, Tabita na Ruti." Nikasikia karatasi ikigeuzwa. "Huyu Atupele ni yupi?"

Ndugu wasomaji, ukweli ulikuwepo. Ulikuwa mfupi, ulikuwa mdomoni, na mzee alishaniambia kwa maneno yake kwamba alinipenda nikiwa mwongo na nikiwa mvumilivu. Ningesema, "Baba, ni barua ya zamani, nisamehe," labda angecheka tena mpaka ashike ukuta. Imelda alikuwa ananitazama na tabasamu la mchumba wa mtu. Nikaogopa kulipoteza lile tabasamu kwa dakika moja. Dakika moja tu.

"Atupele ni Imelda, baba," nikasema. "Ndilo jina lake la ubatizo. Tunalitumia sisi wawili, ni siri yetu."

Tabasamu la Imelda likakatika.

Upande wa pili karatasi ikakunjwa. Kiti kikavutwa. Mtu akakohoa.

"Ombeni," akasema Mzee Danieli, sauti haina hata chembe ya Kitwe. "Siku Imelda anabatizwa nilimbeba mimi. Na mchungaji aliyembatiza amekaa hapa mbele yangu, anakusikiliza."

"Ndiyo, baba."

"Nipe Imelda."

Sikuhitaji kumpa. Alikuwa ameshanyoosha mkono.